Marehemu Asemwe Nusu?

Tanzia ya mlowezi wa Iowa ina mwendo wake, na ukishasoma kumi unaweza kuiandika ya kumi na moja bila hata kumjua maiti. Alizaliwa mwaka fulani katika bonde fulani la Norwei. Alivuka bahari na wazazi wake akiwa bado mdogo. Wakakaa Wisconsin kwanza, kisha wakaja Winneshiek kwa gari la maksai, wakati huo nchi ikiwa pori tupu. Akaoa. Wakajaliwa watoto tisa, wanne wakamtangulia. Alikuwa Mlutheri mwaminifu, jirani mwema, hakupenda makuu. Aliugua muda mrefu na akauvumilia ugonjwa wake kwa subira. Mazishi yalihudhuriwa na watu wengi. Basi, kwisha kazi.

Hiyo nimeitunga mimi. Sijamnakili mtu, wala sitamtaja mlowezi yeyote kwa jina katika makala haya, maana vitukuu wao wapo na wana haki ya kusoma magazeti bila kushtuka. Lakini ukifungua gazeti la mji wowote mdogo wa Magharibi ya Kati ya Marekani, la kati ya 1870 na 1920 hivi, utaikuta imekaa hapo, imebadilishwa jina na tarehe tu.

Nimekuwa nikizisoma tanzia hizi kwa muda sasa, na jamaa zangu kijiweni wananishangaa. "Kwani huku hakuna misiba?" Ipo, tena mingi mno. Lakini mtu anayetaka kuandika riwaya hana budi kuiba elimu popote anapoikuta, na mimi sijaona shule ya kubana maneno inayoizidi tanzia ya gazeti la mji mdogo. Mhariri ana nafasi ya vidole vitatu katika safu, na humo lazima yaingie maisha ya miaka themanini. Anachoweka na anachoacha, hiyo ndiyo riwaya yenyewe. Swali langu ni hili: anachoacha, kapewa ruhusa na nani akiache?

Tumekuzwa katika msemo kwamba marehemu hasemwi vibaya. Dini zinatuambia hivyo, mila zinatuambia hivyo, na hata adabu ya kawaida tu inatosha kumfunga mtu mdomo penye jeneza. Sina ugomvi na msemo huo. Ninachouliza ni kama kutosemwa vibaya ni sawa na kusemwa nusu.

Niwaeleze kwanza mahali penyewe. Kaunti ya Winneshiek iko kaskazini-mashariki ya Iowa, karibu na mpaka wa Minnesota, na makao makuu yake ni mji wa Decorah. Ni nchi ya vilima na mito midogo, si ile tambarare ya mahindi tunayoiona katika picha. Wanorwei walianza kuingia mnamo 1850 na wakajaa kiasi kwamba walikuwa na chuo chao, Luther College, kilichoanzishwa 1861, na gazeti lao la Kinorwei, Decorah-Posten, lililoanza 1874 na kufa 1972. Wabohemia nao, yaani Wacheki, walikaa upande wa kusini-magharibi, Spillville, wakajenga kanisa lao la Mtakatifu Wenceslaus mwaka 1860. Kulikuwa pia na Wajerumani, Waayalandi, na Wamarekani waliotoka majimbo ya mashariki. Kila kundi lilikuwa na makaburi yake, na kila kundi lilikuwa na namna yake ya kusifu maiti, ingawa mwishowe wote wanafanana.

Tanzia hizo hazikuwa pambo. Iowa ilianza kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1880. Kabla ya hapo mtu angeweza kuzaliwa, kuzaa na kufa bila serikali kuandika hata herufi moja juu yake, labda kanisa liandike, labda jiwe la kaburi liandike. Na karatasi za sensa ya Marekani ya 1890, karibu zote, ziliharibika kwa moto wa 1921 mjini Washington na maji ya kuuzimia. Kwa hiyo mtu wa leo anayetafuta ukoo wake katika kaunti kama hii mara nyingi anategemea zile aya mbili za gazeti. Zikidanganya, amedanganyika. Zikinyamaza, hana wa kumuuliza.

Sasa tuzisome basi, maana utamu wake upo.

"Watoto tisa, wanne wakamtangulia." Soma tena polepole. Ndani ya maneno mawili ya mwisho kuna misiba minne. Kuna dondakoo, ugonjwa uliowanyonga watoto wa mashamba yale kwa makundi kabla ya dawa yake kupatikana katika miaka ya 1890. Nyumba moja ingeweza kuzika wawili au watatu ndani ya juma moja. Kuna baba anayepiga misumari mwenyewe kwa kuwa fundi yuko mbali na ardhi imeganda kwa barafu. Mhariri hakuyasema hayo, na sidhani kama aliyaficha. Wasomaji wake walijua. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya namna hiyo nyumbani. Kuna kunyamaza kwa watu wanaojua pamoja, na huko si uongo hata kidogo. Ni kama sisi tunapoambiwa "aliugua kwa muda mfupi" tukatazamana, tukaendelea kunywa chai.

Kisha kuna wanawake. Tanzia nyingi za mwanamke humtaja kwa jina la mume: Bibi wa Fulani bin Fulani amefariki. Unaisoma hadi mwisho, unajua mume alilima ekari ngapi, unajua mchungaji gani alihubiri, unajua wanawe wamesambaa wapi, huyu Minnesota, yule Dakota, na jina alilopewa bibi mwenyewe siku ya ubatizo hulioni. Nilikasirika sana nilipoliona hilo mara ya kwanza. Halafu nikakumbuka mtaa wetu. Mama Juma namjua tangu nikiwa natambaa. Mama Rehema ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Majina yao? Ningelazimika kwenda kuuliza. Sisi tunamficha mama nyuma ya mtoto kwa heshima, wao walimficha nyuma ya mume, nao wakaona ni heshima. Sitaki kusema ni jambo moja, maana Mama Juma mwenyewe ukimwita kwa jina lake atakukodolea macho. Nasema tu kwamba heshima ni pazia zuri sana, na nyuma ya pazia zuri mtu anaweza kupotea.

Hapa bado tuko katika mambo madogo. Kubwa liko katika yale maneno mengine: pori tupu.

Yamerudiwa mno maneno hayo, kwa namna nyingi. Nchi ilikuwa haijaguswa. Nchi ilikuwa mpya. Marehemu alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Vilikuwapo hata vyama vya walowezi wa zamani, vilivyokutana kula pamoja na kuhesabu nani alifika kabla ya nani, na kuwa wa kwanza ilikuwa sifa ya kutajwa kaburini sawa na kuwa shemasi.

Lakini hebu tazama jina la kaunti. Winneshiek ni jina la kiongozi wa watu wa Ho-Chunk. Tazama jina la mji. Decorah ni ukoo wa viongozi wa Ho-Chunk, ukoo ambao jina lake linatokana na Mfaransa mmoja, de Carrie, aliyeoa mwanamke mkubwa wa kabila hilo karne ya kumi na nane. Kwa hiyo mtu anasifiwa kwamba alifika Decorah, katika kaunti ya Winneshiek, akakuta hapana mtu. Jina la gazeti lenyewe, juu kabisa ya ukurasa, linambishia.

Tarehe ndizo zinazonikosesha usingizi. Mwaka 1830 serikali ya Marekani ilikata ukanda wa ardhi wa upana wa maili 40 huko, ukaitwa Ardhi ya Kati, kuwatenganisha Wadakota upande wa kaskazini na Wasauk na Wameskwaki upande wa kusini. Mwaka 1837 watu wa Ho-Chunk wakatiwa kalamu mkononi mjini Washington wakaiachia serikali ardhi yao ya Wisconsin, na kufikia 1840 wakasukumwa na askari kuvuka Mto Mississippi waingie katika ukanda ule. Mwaka huohuo ikaanza kujengwa ngome, Fort Atkinson, ndani ya kaunti hiihii ninayoisema, kuwalinda wasitoke na wasiingiliwe. Mwaka 1846 wakatia sahihi tena. Mwaka 1848 wakaondolewa, safari hii kwenda Minnesota. Mwaka 1849 ngome ikaachwa kwa kuwa hapakuwa tena na wa kulindwa. Na mwaka huohuo wa 1849 walowezi wa kwanza wakafika mahali panapoitwa Decorah.

Mwaka mmoja, ndugu msomaji. Majivu ya mafiga yalikuwa bado hayajapeperuka yote. Njia walizopita na magari yao ya maksai zilikuwa zimekanyagwa na miguu ya watu wengine.

Sasa ni nani aliyedanganya? Hapa ndipo mimi ninapokwama, na ninaona watu wengi wanaoandika juu ya mambo haya wanaruka mapema mno. Marehemu hakudanganya, yeye kafa. Mjane hakudanganya. Alifika akiwa msichana wa miaka kumi, akaona majani yaliyompita urefu, akaona hakuna nyumba, akamwambia mhariri alichokiona. Mhariri hakudanganya, kaandika alichoambiwa na mfiwa. Mchungaji naye alihubiri habari za mbinguni, hakuhubiri hati za mashamba. Ukizichukua tanzia moja moja ukazipeleka mahakamani, kila moja itashinda. Ila zikusanye mia tano, za miaka hamsini, uzisome mfululizo kama nilivyofanya, na utaona zimesimama pamoja kutoa ushahidi wa kitu ambacho hakikutokea: kwamba nchi ile ilianza 1849. Kila shahidi kasema kweli, na kesi imepinda.

Hili ndilo ninalotaka tulifikirie, sisi tunaojiita waandishi. Tumefundishwa kwamba uongo ni sentensi. Fulani kasema hivi, na sivyo, basi ni mwongo. Hatujafundishwa kuuona uongo usio na sentensi, ambao hakuna aliyeutamka, unaotokana na watu wengi wema kuacha jambo lilelile kila siku kwa sababu nzuri. Mtu akiliacha mara moja kasahau tu. Mji ukiliacha miaka hamsini, hayo tayari ni mafundisho, na watoto huyasoma.

Atatokea wa kunibishia, na nambishie mwenyewe kwanza kabla yake. Atasema: unawahukumu maskini. Na kweli walikuwa maskini. Norwei ni mawe na maji. Ardhi inayolimika ni kama asilimia 3 tu ya nchi nzima. Wengi waliokuja walikuwa wana wa wapangaji, watu waliokaa katika kipande cha ardhi ya bwana na kukilipia kwa jasho, wasijue kama kesho watakuwapo. Zaidi ya 800,000 waliondoka kwenda Amerika Kaskazini katika miaka mia moja tangu 1825. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna ardhi ya serikali kwa dola moja na senti 25 ekari, kwamba dola 200 zitampa ekari 160 ambazo hakuna bwana atakayemfukuza, unatarajia aulize nini? Aulize ya nani? Hajui hata lugha ya kuulizia. Alinunua kwa halali kutoka kwa aliyekuwa na mamlaka ya kuuza. Hati za mashamba ya kule huanza na jina moja juu kabisa, Marekani, kisha jina la mlowezi, kisha wanawe. Juu ya Marekani hapana mstari.

Nakubali yote hayo. Nayakubali kiasi kwamba sina hamu ya kumvua marehemu shati mbele za watu. Sidai kwamba tanzia ya bibi kizee wa Kinorwei iandikwe: hapa amelala mwizi wa ardhi. Huo nao ungekuwa uongo, tena wa kivivu, wa mtu aliyekaa karne nyingine akijipigia makofi. Isitoshe, yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwa watu waliofukuzwa na njaa. Ninachouliza ni kidogo kuliko hicho. Nauliza ule mstari mmoja. Walifika mwaka mmoja baada ya watu wa Ho-Chunk kuondolewa. Maneno kumi hayafiki! Yangechukua nafasi ndogo kuliko orodha ya wabeba jeneza. Maneno hayo hayamchafui marehemu hata kidogo, hayamwiti chochote. Yanamweka tu mahali pake katika foleni, si wa kwanza bali wa baada ya fulani.

Na nadhani wajibu haulingani. Mfiwa hana wajibu wowote siku ile zaidi ya kulia. Mhariri anao kidogo: yeye hakufiwa, analipwa, na anakumbuka. Wanaokusanya baadaye wanao mkubwa. Kulikuwa na mtindo wa kuchapa vitabu vinene vya historia ya kaunti, hasa kuanzia miaka ya 1870, vikiuzwa kwa kujiandikisha kabla, na wasifu wa mkulima uliingia kwa kuwa alikubali kununua. Vitabu hivyo mara nyingi huwa na sura moja mwanzoni juu ya wenyeji wa asili, wale tuliofundishwa shuleni kuwaita Wahindi Wekundu, wamewekwa pamoja na miamba, mito na aina za miti. Kisha sura inafungwa, na watu wanaanza. Huyo mtungaji hana kisingizio cha machozi.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Edgar Lee Masters, mwanasheria wa Chicago aliyekulia katika miji midogo ya Illinois, alitoa mwaka 1915 kitabu cha mashairi, Spoon River Anthology, ambamo wafu wa mji mmoja wanajisemea wenyewe toka makaburini, bila mhariri, bila mchungaji. Wanasema nani alimwibia nani, nani alilala na nani, benki ilifilisika kwa hila ya nani. Kitabu kikapata sifa kubwa, na watu wa miji aliyokulia wakamchukia, kwa kuwa walijiona humo, na majina mengine yalikuwa hayakubadilishwa vya kutosha. Vijana wengi wanaoandika wakisikia habari hiyo husema, naam, huo ndio ujasiri. Mimi sina hakika. Kuvunja pazia la jirani ni ujasiri wa siku moja. Tena ukichunguza utaona kwamba hata wafu wake wale, kwa ukali wao wote, wanagombana wao kwa wao, walowezi na wana wa walowezi. Siri zinazomwagwa ni za chumbani na za benki. Ile siri iliyo chini ya makaburi yenyewe haimpi shida mtu. Mtu anaweza kusema uchafu wote wa mji, na bado akausema nusu.

Jambo hili lilinigusa kwa karibu mwaka juzi. Alifariki baba mkubwa, nami kwa kuwa inajulikana kwamba nashikashika kalamu nikaambiwa niandike wasifu wa marehemu utakaosomwa makaburini. Nikapewa orodha: mke, watoto sita, wajukuu kumi na wanne. Shangazi alikuwa kaketi pembeni juu ya mkeka, akauliza, "Umeandika wangapi?" Nikamwambia sita. Akasema, "Saba." Pakawa kimya. Baba mdogo akamwambia taratibu, "Dada, leo si siku yake." Yule wa saba alizaliwa nje, Tanga, na wengi walimjua ila hawakumjua. Shangazi hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi sikwambieni mwandike mama yake ni nani. Sikwambieni mwandike marehemu alifanya nini. Nasema mtoto ni saba. Kuhesabu si kusema vibaya."

Ikaandikwa saba. Nilipoisoma hakuna aliyeanguka. Watu wawili watatu waligeuza shingo, kisha sala ikaendelea.

Nimeichukua hukumu ya shangazi na kuipeleka Iowa, na naiona inafanya kazi kule vizuri kuliko falsafa nyingi nilizowahi kusoma. Kuna kusema, na kuna kuhesabu. Marehemu ana haki ya kutosemwa. Hana haki ya kufanya wengine wasihesabiwe. Ukinyamaza juu ya tabia ya mtu umemfunika. Ukinyamaza juu ya kuwapo kwa mtu mwingine umemzika huyo mwingine, na pengine yu hai.

Maana hilo ndilo linalosahaulika: walikuwa hai. Watu wa Ho-Chunk hawakuyeyuka mwaka 1848 kama umande. Kule Minnesota walihamishwa tena mwaka 1855. Mwaka 1863, baada ya vita kati ya Wadakota na walowezi ambavyo havikuwa vyao, wakapelekwa Crow Creek, nchi kavu kabisa ya Dakota, wengi wakafa. Waliobaki wakashuka Nebraska, wakapewa eneo huko 1865. Na wakati wote huo wengine walikuwa wakirudi Wisconsin kwa miguu. Wakikamatwa wakirudishwa, wanarudi tena. Hadi miaka ya 1870 serikali ilikuwa bado inawafukuza. Mwishowe ikachoka, na kwa sheria ya 1875 baadhi yao wakaomba na kupewa mashamba ya kulima, kama walowezi, katika nchi ya babu zao. Sijui niite nini hicho, kicheko au kilio.

Na Winneshiek penyewe? Katika majira ya joto ya mwaka 1893 mtunzi mkubwa wa muziki Antonín Dvořák alikuja kupumzika Spillville, kati ya Wacheki wenzake. Alipiga kinanda kanisani, alitembea kandokando ya mto akisikiliza ndege, akatunga huko moja ya kazi zake mashuhuri za ala nne za nyuzi, ile inayoitwa ya Kimarekani. Mji unajivunia jambo hilo mpaka leo na una haki. Majira yaleyale likapita kundi la wachuuzi wa dawa, waliotembea mji kwa mji wakiuza chupa za mitishamba, wakiwa na wenyeji wa asili wa kupiga ngoma na kucheza ili watu wakusanyike. Dvořák alipenda, akawa anakwenda kuwasikiliza. Miaka 45 tangu wale wa Ho-Chunk waondolewe na askari, wenyeji wa asili wanaingia kaunti ile wakiwa tangazo la biashara. Msomi wa muziki huuliza kama ngoma zile ziliingia katika fidla za Dvořák. Mimi huwawazia wale wazee wa Kicheki na wa Kinorwei waliosimama kutazama, watu ambao tanzia zao zingeandikwa miaka michache baadaye. Sijui kama kuna aliyemtazama mpiga ngoma akajiuliza ametoka wapi.

Nimalizie na mpiga picha. Katika mji wa Black River Falls, kaunti ya Jackson, Wisconsin, alikuwapo mtu mmoja jina lake Charles Van Schaick, mwenye studio. Mwaka 1973 Michael Lesy alizichukua picha zake, akazichanganya na habari za gazeti la mji, vifo, wazimu, kujiua, moto, akatengeneza kitabu cha kutisha kiitwacho Wisconsin Death Trip. Ni kitabu cha walowezi wakifa, na hakuna kitu kinachofanana nacho kwa huzuni. Lakini Van Schaick alikuwa na wateja wengine. Watu wa Ho-Chunk waliorudi kwa miguu walikuwa wakiishi jirani na mji uleule, nao walikuwa wakiingia studio, wamevaa shanga zao au suti zao, wanalipa, wanapigwa picha. Picha hizo zilikaa miaka na miaka. Mwaka 2011 zikatolewa katika kitabu, na kazi kubwa ya kitabu hicho ilikuwa kukaa na vioo vile vya picha na kumbukumbu za koo, wazee wa Ho-Chunk wakisaidia, na kutaja aliyemo: jina la Kiho-Chunk, jina la Kiingereza, nani mume wa nani, nani mtoto wa nani.